Wapanda Mpunga wa Amorsolo

Mamangu alikulia Mwea, akipanda mpunga na shosho. Kwa hivyo nilipomwonyesha kwenye simu mchoro wa Mfilipino Fernando Amorsolo, nilitarajia atabasamu. Ni mchoro wa mwaka 1949: wanakijiji waliovaa nguo za rangi kali na kofia pana wanapanda mpunga, jua limemwagika kila mahali, na nyuma yao volkano ya Mayon inatoa moshi taratibu, kama mzee na kiko chake.

Mama akaikuza picha kwa vidole viwili. "Na hawa, migongo haiwaumi?"

Nilicheka, lakini swali likanikwama. Mimi humpenda Amorsolo kwa sababu ya mwanga wake. Huliweka jua nyuma ya watu, mpaka kingo za mabega na nywele zinang'aa. Ila hata wakosoaji wamemlaumu hivyo hivyo: eti maisha ya shambani kayafanya matamu mno.

Lakini 1949 ilikuwa miaka 4 tu baada ya vita kuiteketeza Manila, jiji alimozaliwa mwaka 1892. Wakati wa vita aliishi humo, na moto ule pia aliuchora. Labda maumivu aliyajua vizuri, akaamua shamba la mpunga liwe mahali pa kupumzisha macho.

Nilimweleza mama hayo yote. Akanirudishia simu.

"Sawa. Lakini si angechora hata mmoja amesimama, ameshika kiuno?"

Siku hizi, kila nikiufungua mchoro huo, namtafuta huyo mmoja.