Mwasumini na Upepo wa Kusi Kisiwani Chula

Msafiri atokaye Kismayu kwa jahazi, akaifuata pwani kuelekea kusini, huvipita visiwa vya Wabajuni vilivyopangika kama shanga uzini: Koyama, Chovai, Chula na vinginevyo. Chula ni kisiwa cha matumbawe na makao ya wavuvi. Ardhi ya visiwa hivi ni mchanga wenye chokaa, usioshika maji. Na Kusi, livumapo kati ya Aprili na Septemba, hutupia majani chumvi ya bahari.

Mahali pa namna hii, mwasumini utambaao ukutani ni mali ya nyumba. Maua yake ndiyo yatungwayo vikuba na kupambia bibi harusi. Baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi walikimbilia Kenya, na nyua zikabaki bila mkono wa kuzimwagilia. Arejeaye na kukuta kamba kavu tupu zimening'inia asiharakishe kuchukua shoka.

Kwanza auparue shina kwa ukucha. Rangi ya kijani chini ya ganda ni dalili ya uhai. Ikiwa ni kahawia na kavu, ashuke chini zaidi, hata karibu na mzizi. Sehemu iliyokufa ikatwe kwa kisu kikali, juu kidogo ya kifundo kilicho hai. Majani yaliyosalia yaachwe, hata yakiwa na sura mbaya, kwa kuwa ndiyo yanayoulisha mmea. Kukata hakuuharibii mwasumini maua. Huchanua juu ya machipukizi mapya.

Tawi lililovunjika bila kukatika liinuliwe taratibu, ganda likutane na ganda, lifungwe kijiti na kitambaa. Kamba ya makumbi yafaa kuliko uzi wa nailoni wa nyavu, ambao hukata shina linenepapo. (Wavuvi, wenye nailoni tele, hulisahau jambo hili.)

Kazi ngumu ni maji. Katika visiwa vya matumbawe maji matamu huelea chini ya ardhi juu ya maji ya bahari. Kisima kikichotwa kwa pupa hugeuka chumvi. Basi ichotwe ndoo moja moja, na maji ya mvua kutoka birikani yawekwe kwa kuosha majani na kusukuma chumvi ishuke chini ya mizizi. Samadi ya mbuzi iliyooza vizuri ichanganywe na mchanga, isiguse shina. Samadi mbichi huunguza mizizi, na mmea mgonjwa hauhitaji karamu. Juu yake yatandazwe makuti makuukuu.

Upande wa Kusi isimamishwe chandarua ya makuti yenye mianya. Ukuta mzima wadhaniwa kuwa bora, lakini upepo huuruka na kuanguka kwa kishindo upande wa pili. Makuti huupunguza nguvu tu, na hilo latosha.

Machipukizi yakianza, moja la chini lipindwe, kifundo chake kifukiwe ndani ya mkebe wa udongo uliotobolewa chini, bila kulitenga na mama yake. Likishashika mizizi, likatwe. Mkebe huo waweza kupakiwa jahazini, ukapelekwa Kismayu, au Lamu, au Mombasa, kwa jamaa ambao hawajarudi.