Safari ya Usiku Mmoja: Kutoka Dar es Salaam hadi Vilima vya Pugu

Wengi wetu hudhani ya kwamba safari ni jambo la wenye nafasi. Baba huiahirisha mpaka likizo, na likizo ifikapo huwa imekwisha liwa na harusi, ugonjwa na ada za shule. Miaka hupita, na watoto huijua nchi yao kwa picha tu. Yafaa basi tujiulize: je, ni lazima safari iwe ndefu?

Mwingereza mmoja, Alastair Humphreys, aliizunguka dunia kwa baiskeli tangu mwaka 2001 hata 2005, akapita katika nchi 60. Mtu kama huyo angedhaniwa kuzisifu safari za mbali peke yake. Lakini mwaka 2014 alitoa kitabu juu ya safari ndogo za karibu na nyumbani. Hesabu yake ni nyepesi: mtu atokaye kazini saa kumi na moja jioni na kurejea saa tatu asubuhi anazo saa 16 mkononi mwake.

Na tuipime hesabu hiyo kwa mkaazi wa Dar es Salaam, aliye na nafasi zaidi siku ya Jumamosi. Barabara ya Nyerere, ambayo zamani iliitwa Pugu Road, humtoa mjini, ikampitisha kiwanja cha ndege, Ukonga na Gongo la Mboto, hata vilima vya Pugu. Masafa hayafiki kilomita 35, mwendo wa saa tatu kwa asiye na haraka. Huko ndiko alikofundisha Mwalimu Nyerere mpaka alipojiuzulu mwaka 1955. Huko pia uko msitu wa asili wa Pugu na Kazimzumbwi, na katika vilima hivyo ndimo uanziamo mto Msimbazi. Kijana aliyezoea kuuona mto huo ukifurika Jangwani atafahamu kwa macho yake kwa nini miti ya huku isikatwe.

Aondoke saa nane mchana, kwani kwetu jua likizama giza halichelewi. Malori na daladala ni mengi mpaka Gongo la Mboto. Asiyezoea, na hasa watoto, heri baiskeli zao zitangulizwe kwa gari la mizigo. Ruhusa ya kulala iombwe mapema kwa Wakala wa Huduma za Misitu, na moto usiwashwe ila mahali palipoagizwa. Mzigo uwe mdogo: hema, chandarua, mkeka, taa, maji, tende na mihogo ya kuchemsha, pampu na viraka vya mpira. Miezi ya Juni hadi Septemba ni bora. Masika, tangu Machi hata Mei, njia huwa tope.

Lakini hesabu ya saa siyo hesabu yote. Saa azichukuazo msafiri huenda zimetoka kwa mtu mwingine: mama aliyeachiwa mtoto mchanga, au dada abakiaye na mzee mgonjwa. Safari ya namna hiyo haikuingia katika wajibu. Imeutupa wajibu juu ya bega la mwenziwe. Kwa hiyo soko lifanywe Ijumaa, maji yajazwe, dawa za mzee zipangwe. Juma la pili baba akae na watoto, mama naye apate usiku wake pamoja na ndugu zake.

Na aliyeahidi kurudi saa tatu asubuhi, awe mlangoni saa tatu. Njia ya kurudi huteremka, hana udhuru. Akitimiza ahadi hiyo mara moja na mara ya pili, watu wa nyumbani wenyewe watamwuliza: mwezi ujao mwaenda wapi?