Jirani na Ile Kadi

Mara ya kwanza skrini ilipozima nilidhani ni stima. Huku Kahawa West stima ikitaka kwenda huwa haiagi, kwa hivyo niliinua macho kwanza kutazama balbu. Balbu inawaka. Friji ya landlodi inanguruma kama kawaida. Ni kompyuta yangu tu, mashine niliyoiunga kwa mikono yangu siku mbili kabla, iliyokuwa imekaa pale mezani na taa zake zote za rangi, feni za kadi zikivuma kama zinataka kupaa, na skrini nyeusi tii.

Nikashikilia kitufe mpaka ikazima. Nikaiwasha. Ikaamka vizuri, kana kwamba hakuna lililotokea. Nikajiambia ni mambo ya mashine mpya. Baada ya dakika arobaini ikafanya tena.

Wacha nieleze hii mashine ilikuwa ya nini, ndio uelewe kwa nini nilikaribia kuharibu urafiki wa miaka tisa. Mimi hutengeneza video za nyumba ambazo bado hazijajengwa. Mtu ana ploti na ramani ya msanifu, mimi namwonyesha jioni ya dhahabu ikipiga kwenye balkoni za ghorofa ambazo kwa sasa ni nyasi na mbuzi watatu. Miaka yote nilikuwa nafanya hiyo kazi kwa laptopu iliyochoka. Halafu nikapata kazi ya dakika moja na nusu ya video, fremu 25 kwa kila sekunde. Piga hesabu: fremu 2,250, na kila moja lazima ichorwe peke yake. Laptopu ingekufa kabla ya balkoni ya pili.

Dada yangu akanisimamia mkopo kwenye sacco yao. Nikazunguka Moi Avenue na Luthuli kwa wiki mbili nikinunua kipande kimoja kimoja: prosesa ya Ryzen 5 5600, madabodi ya B550, RAM ya giga 32, na kesi ya vioo ambayo, nakiri, niliinunua kwa sababu ya sura. Ilikuwa na mahali pa kusimamisha kadi wima, uso wake ukitazama kioo, badala ya kulala ubavu kama kadi za watu wengine. Ili isimame hivyo haichomekwi moja kwa moja kwenye madabodi. Inapita kwenye kebo pana, bapa kama mkanda, ambayo mafundi huiita raiza. Ilikuja na kesi, bure. Kumbuka hiyo raiza.

Kadi yenyewe, RTX 3060 Ti, niliipata kwa Jirani.

Jirani si jina lake. Kampasi mimi nilikuwa chumba cha 14, yeye 15, na ukuta kati yetu ulikuwa mwembamba hivi kwamba nikipiga chafya yeye ndiye alikuwa anasema pole. Tangu hapo ananiita Jirani, namwita Jirani, na mke wake alichukua muda kuelewa tunaongea juu ya nani. Kazi yake iliisha mwaka jana. Alikuwa anauza kompyuta yake vipande vipande kwa sababu mtoto alikuwa njiani. Nilienda kwake Rongai, akaiwasha mbele yangu, tukacheza gemu la mpira saa nzima, akanifunga mabao mengi, nikamtumia 32,000 papo hapo.

Sasa turudi kwenye skrini nyeusi.

Kama hujawahi kutafuta hitilafu ya kuvizia, una bahati. Gari likigoma kuwaka kila asubuhi, fundi atalijua. Hili langu lilikuwa linachagua muda wake. Mara dakika nne, mara saa tatu. Kwa hivyo kila dawa niliyojaribu ilionekana imefanya kazi, mpaka isifanye. Nilifuta draiva kabisa kwa ile programu ya kung'oa mabaki, nikaweka mpya. Saa mbili za amani! Nikatuma hata emoji ya kucheza kwa dada. Halafu tii. Nikaishusha RAM kasi kutoka 3200 hadi 2133. Nikaiacha ikipimwa usiku kucha, ikaamka bila kosa hata moja. Nikabadilisha kebo ya umeme wa kadi. Nikaazima pawa saplai ya wati 750 kwa jamaa wa ofisi moja ya mjini, nikaibeba kwa matatu nikiwa nimeipakata kama mtoto. Tii.

Kilichonichanganya zaidi ni kwamba mtihani mgumu ilikuwa inapita. Kuna programu ya kuchosha kadi, inachora kitu kama donati lenye manyoya na kuitoa kadi jasho. Niliiacha saa nzima. Joto likapanda, feni zikalia, lakini skrini haikuzima. Nikifungua kazi yangu kwenye Blender, fremu ya mia mbili na kitu, kwisha. Leo najua sababu. Lile donati likishaingia kwenye kadi linakaa humo humo, kadi inahangaika nalo peke yake na haiongei sana na sehemu nyingine za kompyuta. Kazi yangu ilikuwa inapeleka mizigo ya picha za kuta, miti na anga kutoka kwenye RAM hadi kwenye kadi, fremu baada ya fremu. Barabara ndiyo ilikuwa inatumika, na mimi nilikuwa napima injini.

Bahati pekee niliyokuwa nayo ni kwamba nilikuwa nahifadhi kila fremu kama picha yake. Ningehifadhi kama video moja, kila mzimo ungenirudisha mwanzo. Nilikuwa naamka kila saa kutazama kama imezima, naendelea pale ilipokatia. Macho yakawa kama ya mlinzi wa usiku.

Siku ya kumi nikafungua kumbukumbu za Windows, mahali ambapo mashine huandika maumivu yake. Zilijaa mistari ya WHEA, nambari 17, kosa la vifaa lililorekebishwa, kwenye PCI Express. Nilisoma neno moja tu: vifaa. Vifaa maana yake kadi. Na kadi ilitoka kwa nani?

Hapo ndipo akili ilianza kunitungia hadithi. Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha uchimbaji, na kadi nyingi zilizokuwa zikichimba sarafu mchana na usiku zikamwagika kwenye soko la mitumba duniani. Kadi ya namna hiyo si lazima iwe mbovu, nyingine ziko fiti tu. Lakini usiku wa saa nane, ukiwa na mkopo wa dada na mteja anayeuliza "tumefika wapi boss", hutaki maelezo ya haki. Unataka mtu.

Nikamwandikia: "Jirani, hii kadi ni mbovu."

"Mbovu aje? Kwangu ilikuwa fiti."

"Ilikuwa inachimba sarafu?"

Alikaa kimya dakika kadhaa. Halafu: "Kwani wewe unaniona aje?"

Ningeachia hapo. Sikuachia. Nikaandika mambo marefu, kuhusu dada, kuhusu mkopo, kuhusu watu kuuziana takataka wakijuana. Nikasema anirudishie 12,000 tugawane hasara, kadi nitakaa nayo. Hakubishana. Asubuhi saa kumi na mbili na dakika chache simu ikalia, ujumbe wa M-Pesa, 12,000, jina lake. Hakuandika kitu kingine.

Hiyo pesa niliona imenithibitishia. Nani hurudisha pesa kama hana hatia? Ndivyo nilivyofikiri, na nimeamua kuandika hivyo hivyo bila kujipamba.

Siku mbili baadaye niliichomoa kadi nikaipeleka Luthuli, kwa mzee mmoja mwenye kibanda kidogo kuliko choo cha plot, mabodi yametundikwa ukutani kama mitumba. Nilimwambia nataka aitengeneze au aniambie imekufa niende kuizika. Akaichomeka kwenye mashine yake ya majaribio, mifupa mitupu isiyo na kesi, akaniambia niende nikale. Nilirudi baada ya saa mbili na nusu. Bado ilikuwa inachora.

"Kijana, hii haina ugonjwa," akasema. "Umeniletea abiria, gari umeacha nyumbani."

Nilimlipa 500 nikaenda zangu nikinung'unika. Niliona hana vifaa vya kupimia vitu vya kisasa.

Nyumbani nilikuwa nimechoka. Kurudisha kadi kwenye ule mkao wake wa wima ni skrubu sita na matusi mengi, na bisibisi ilikuwa imeingia chini ya kitanda. Nikasema wacha, nikaichomeka moja kwa moja kwenye madabodi, ikalala ubavu. Nikaanzisha kazi, nikalala mimi pia, bila kuweka alamu.

Niliamka saa mbili asubuhi. Jua limeingia. Kutoka kitandani nilisikia feni, sauti ile ya kawaida, si ule mvumo wa kupaa. Fremu 1,306. Ilikuwa imechora usiku mzima.

Sikufurahi mara moja. Nilikaa kitandani nikitazama ile raiza iliyokuwa sakafuni, nikahisi tumbo linashuka.

Nikaacha kazi iishe, maana sikuwa mjinga kiasi hicho. Halafu nikafanya kile ambacho ningefanya siku ya kwanza. Nikarudisha raiza: dakika ishirini, tii. Nikaingia kwenye BIOS, mahali pa kasi ya ile nafasi ya kadi, palipokuwa pameandikwa Auto, nikaweka Gen 3. Raiza ikiwa pale pale, kadi wima ikitazama kioo: siku nzima, hakuna kitu. Ile mistari ya nambari 17 ikakoma.

Mambo yalikuwa hivi. Kadi yangu na madabodi yangu zote zinajua PCI Express ya kizazi cha nne, ambayo kila njia yake inabeba mara 16 bilioni kwa sekunde. Raiza ya bure ilitengenezwa kwa kizazi cha tatu, nusu ya hapo. Hakuna anayeiuliza kebo inaweza nini. Kadi na bodi zinasalimiana, zinakubaliana kwenda mbio, na mkanda ulio katikati unapokea mwendo usioumudu. Ukiwa unasoma barua pepe, kadi inashusha mwendo ili kuokoa umeme na kila kitu kinaonekana shwari. Mpe kazi, inapandisha, ishara zinaanza kuharibika njiani. Nyingi zinarekebishwa kimyakimya, ndiyo ile mistari, mpaka moja isirekebishike na draiva ianguke. Na kwa kadi kama hii, kurudi kizazi cha tatu karibu hakukupunguzii chochote. Nilipima fremu moja kwa njia zote mbili, tofauti nikashindwa kuiona.

Na kompyuta ya Jirani, ile aliyoniwashia Rongai? Ilikuwa ya Intel, kizazi cha tisa. Hizo hazina PCI Express ya nne. Kadi ilikuwa haijawahi kukimbia hivyo maisha yake yote mpaka ilipofika kwangu. Aliposema kwake ilikuwa fiti, ilikuwa fiti.

Nilimpigia, hakushika. Nikamtumia 15,000, 12,000 yake na 3,000 juu, na ujumbe mrefu kuliko wa kwanza: raiza, BIOS, samahani, kila kitu. Jioni 3,000 zikarudi. Chini yake: "Hesabu yangu ni 12. Asante Jirani."

Ilinichukua mwezi kwenda. Kazi ilikuwa imelipwa, dada nimeanza kumlipa. Nilinunua nepi, unga, sukari, nikapanda matatu ya Rongai pale Railways na muziki ukanitwanga kifua mpaka nikashukuru, maana huwezi kuwaza sana ndani ya gari kama hilo. Mtoto alikuwa msichana. Nilimshika vibaya, wakanirekebisha mkono.

Mke wake alikuwa mchangamfu kama siku zote. Akatuandalia chai, akasimulia safari ya hospitali, uchungu ulivyoanza usiku, teksi ilivyokataa kuingia barabara yao ya matope. Akacheka.

"Na si unajua tulizuiliwa siku mbili juu ya bili? Tulikuwa tumeweka pesa kando, huyu naye akaitoa asubuhi hiyo hiyo, ati kuna mtu alikuwa anamdai. Mpaka kaka yangu akatuma. Mtu gani huyo anadai mtu wakati kama huo? Hata hajaniambia jina."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikamtazama Jirani. Alikuwa anamfunga mtoto kofia, polepole, akitafuta ile kamba ya chini ya kidevu.

"Muongezee mgeni chai," akamwambia mke wake.

Alipoingia jikoni nilifungua mdomo. Akatikisa kichwa mara moja.

"Na hiyo mashine?" akauliza. "Inafanya?"

"Inafanya."

"Umeiweka wima tena?"

"Hapana. Imelala tu."

"Ilale," akasema, akanipa mtoto.