Mguu Ukivunjika Kwenye Gemu, Upone Lini?

Ni huko Marekani, ambako Dungeons & Dragons ilitoka mwaka 1974. Washkaji watano, meza moja, dadu na chipsi. Anayeendesha gemu ni jamaa anayetaka kila kitu kiwe kama maisha halisi, na kwa kweli ana hoja. Kwenye toleo la tano, mtu akichapwa mpaka abaki na pointi moja ya uhai, akilala masaa 8 anaamka mzima kabisa. Akidondoka, kila mita 3 hivi ni dadu moja ya maumivu, na mwisho ni dadu 20. Yaani shujaa mkongwe anaanguka toka mawinguni, anajipangusa vumbi, safari inaendelea!

Jamaa akaja na kanuni zake: mfupa ukivunjika, wiki 6 nje. Wa kwanza kuvunjika akawa dada mmoja, nesi wa wodi ya mifupa. Akaweka dadu chini.

“Kaka, hao wa wiki 6 nawageuza kitandani kila siku. Hapa nakuja kuona mtu anaamka.”

Jamaa akajitetea kwamba RuneQuest ya 1978 ilishahesabu majeraha ya kila kiungo. Kweli, ila hakuulizwa hilo. Na uhalisia wake wenyewe ulikuwa nusu: mfupa aliuvunja, bili ya hospitali hakuileta.

Wiki iliyofuata kiti cha nesi kilikuwa kitupu. Wenzao wanasema amekuza mambo, gemu ni gemu tu. Jamaa akachana ukurasa wa mifupa, ule wa kuanguka akauacha, akampigia picha na kumtumia.

Tiki mbili za bluu. Mpaka leo.