Mradi wa Tarakilishi na Daftari la Rodi Kopany

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ilinijia akilini pale kikundi cha akina mama wanaoweka akiba katika soko la Rodi Kopany, kwenye barabara ya Homa Bay na Rongo, kiliponitaka nikiandalie andiko la kupima iwapo kinunue tarakilishi. Fedha hazikuwa za mfadhili. Zilikuwa akiba yao wenyewe.

Aghalabu maandiko ya aina hii huandikwa kwa Kiingereza, yakasomwa na wachache. Nami naamini kwamba mwenye mali ndiye apaswaye kulihoji andiko. Niliandika kwa Kiswahili na kulifafanua kwa Kidholuo. Istilahi si kisingizio, maadamu tangu mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikwisha kutoa programu za ofisi kwa Kiswahili.

Nilitanguliza tatizo, si mashine: hesabu za mikopo zilimaliza alasiri nzima ya kila mkutano. Kisha nikapanga njia tatu: kuendelea na daftari, kununua tarakilishi, au kumlipa mwenye duka la tarakilishi achape hesabu kila mwezi. Bei ya mashine ilikuwa mwanzo tu wa gharama. Nyuma yake kulikuwa na umeme, wino, matengenezo na mafunzo ya mweka hazina. Faida nikaitenga na manufaa, kwani faida huhesabiwa kwa shilingi, ilhali kuaminiana kwa wanachama hakuna bei.

Swali zito lilitoka kwa mama muuza omena: "Mwanangu, mashine hiyo ikifa, akiba yangu itakuwa wapi?" Sehemu nzima ya hatari tuliijenga juu ya swali hilo. Hatimaye waliamua kuanza na njia ya tatu, daftari likiendelea kuandikwa sambamba, na ununuzi ungoje mwaka mmoja.

Kabla ya kuwa mashine au jengo, mradi ni kusudio. Ndiyo maana twasema "ili mradi". Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi. Basi sisi wanafunzi wake tusikiachie mashairi na hotuba pekee. Tukipeleke pia kwenye karatasi zinazoamua fedha za mnyonge ziende wapi.