Usininyooshee Ngoma

Kompyuta haina huruma na mkono wa mtu. Unapiga ngoma, umechelewa kidogo tu, yenyewe inalikamata pigo lako na kulivuta hadi kwenye alama iliyo karibu. Ndiyo kwantaizi hiyo. Sisi mtaani tunaita kunyoosha.

Roger Linn, Mmarekani aliyetoa mashine ya ngoma ya LM-1 mwaka 1980, aliiwekea kazi hiyo. Akaongeza na swingi. Chukua mapigo mawili jirani: kwenye asilimia 50 yanagawana nafasi sawa, kama askari wa gwaride. Panda hadi 66, la pili linachelewa, na biti inaanza kutembea kwa madaha.

Lakini jamani, hayo nayo ni madaha ya rula. Kila pigo linachelewa kiasi kilekile. J Dilla wa Detroit, aliyefariki 2006, alisifika kwa kuacha pigo hili liwahi, lile lichelewe. Na alitumia MPC3000, mashine iliyobuniwa na Linn huyohuyo! Kwa hiyo silaumu mashine.

Mjomba alirekodi ngoma yake studio moja mjini. Prodyuza akainyoosha yote, bila hata kumwuliza. Tulipoisikiliza nyumbani, bibi aliyemzaa akauliza, "Huyu anayepiga ni nani?"

Programu nyingi siku hizi zinaruhusu kunyoosha nusunusu. Basi, mshikaji, kabla hujabonyeza, hifadhi kwanza ile aliyoipiga mwenyewe. Halafu mwulize.