Nyuma ya Mgongo wa Mwalimu

Baiskeli niliyoshindania haikuwa yangu. Ilikuwa ya Mwalimu, ya bluu, imechubuka rangi shingoni, tairi zake nyembamba kama kidole gumba, na ina gia moja inayoruka kila unapokanyaga kwa nguvu. Alinikopesha mwezi wa nne, siku nilipomwambia kwamba nimechoka kukimbia peke yangu ufukweni. "Mnyororo uwe unaufuta," alisema. Hakuniambia niirudishe lini.

Mwalimu ndilo jina tunalomwita. Anafundisha fizikia sekondari, ana miaka 44, ananizidi miaka 17. Wengine ni Fundi, anayetengeneza friji, na Dada Benki, ambaye kazi yake haihitaji maelezo. Kila Jumamosi kabla ya jua tunapanda baiskeli barabara ya Bagamoyo, malori yakiwa bado yamelala, na kufikia saa mbili asubuhi tunakuwa tumeshakaa mahali tunakunywa chai na kudanganyana kuhusu mwendo wetu.

Mwezi wa saba tukaenda Arusha. Mashindano yenyewe hayakuwa makubwa: ya wikiendi moja, ya watu wasiolipwa, mshindi anapata tairi mbili na bahasha. Jumamosi ni mbio za mtu mmoja mmoja dhidi ya saa, Jumapili ni mbio za pamoja barabarani. Tuliondoka Dar alfajiri ya Ijumaa, baiskeli nne zimetolewa magurudumu na kuviringishiwa mablanketi ndani ya buti la basi. Kondakta alizitazama, akauliza, "Na hawa wana tiketi?" Tukalipia mzigo.

Tulifikia Usa River kwa shangazi yake Fundi. Alitupokea kwa mtori na swali moja: tunalipwa shilingi ngapi? Fundi akamweleza kwamba sisi ndio tunaolipa ili kushiriki. Shangazi akaweka mwiko chini.

"Mnalipa ili mchoke?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Tukala.

Jumamosi tulipelekwa kwenye barabara ya mchepuo inayopita kusini mwa jiji la Arusha. Kilomita 20. Kila baada ya dakika moja anaachiwa mtu. Zamu yangu ilipofika nilitoka kama mwizi aliyeonekana. Kabla ya kilomita ya tano nilikuwa nimempita aliyenitangulia, nikajiona nimezaliwa kwa kazi hii. Kilomita ya nane akanirudia, akanipita bila hata kunitazama. Baada ya hapo sikumbuki mandhari yoyote. Nakumbuka kinywa kilichojaa ladha ya sarafu, na mita mbili za lami mbele ya gurudumu langu.

Nilimaliza kwa dakika 46, wa tatu kutoka mwisho. Nikasimama, nikasahau kwamba viatu vyangu vimenasa kwenye pedali, nikaanguka ubavu mbele ya watoto waliokuwa wakiuza ndizi. Walinipigia makofi. Karatasi ya matokeo ilibandikwa kwenye mlango wa gari, na mimi, mtu mzima mwenye shahada, nilisimama pale nikisoma jina langu kule chini kama mwanafunzi wa darasa la saba.

Jioni Mwalimu aliokota kijiti, akachuchumaa uani kwa shangazi.

"Leo ulikuwa unapigana na nani?"

"Na saa."

"Hapana. Na hewa." Akachora mtu juu ya baiskeli, akachora mishale inayomjia. Ukiongeza mwendo mara mbili, alisema, hewa inakurudisha nyuma mara nne. Lakini ukikaa karibu sana nyuma ya mwenzako, yeye anaukata upepo na wewe unapita kwenye tundu aliloliacha. Unaweza kuokoa hata theluthi ya nguvu zako. "Kwa hiyo kesho jifiche. Ila ujue kujificha ni deni. Aliye mbele akichoka anatikisa kiwiko. Akitikisa, unatoka mbele wewe, hata kwa nusu dakika. Kama huna nguvu, unasema huna. Hakuna atakayekuchukia kwa kuishiwa."

Akafuta mchoro kwa ndala, tukaenda kulala.

Jumapili saa moja asubuhi tulikuwa Boma Ng'ombe, watu kama sitini, tunatoa mvuke mdomoni. Kilimanjaro na mita zake 5,895 ilikuwa imejifunika gubigubi. Njia ilikuwa ni kutoka pale hadi Usa River na kurudi, kama kilomita 65, kwenye barabara kuu ileile ya mabasi na malori. Mbele kulikuwa na pikipiki ya polisi. Zaidi ya hapo tulipewa upande wetu wa kushoto na dua. Dada Benki alinibandika namba mgongoni kwa pini nne, akanigonga helmeti. "Usivunje breki za watu," akasema.

Sikuwa nimejua kwamba kundi lina sauti. Minyororo sitini inavuma kama mzinga wa nyuki, na juu ya uvumi huo watu wanapaza sauti: "Shimo!" "Tuta!" "Bodaboda!" Mikono inashuka, vidole vinaonyesha chini, kila mtu anampa wa nyuma yake macho yake. Kilomita za kwanza niliogopa hadi mabega yakaniuma. Halafu hofu ikapungua, nikagundua jambo la ajabu: tulikuwa tunakwenda kasi kuliko nilivyokwenda jana, na mimi nilikuwa napumua kwa pua. Nilikuwa nimebebwa na watu nisiowajua majina.

Ukielekea Usa River unapanda. Si mlima wa kutisha, ila haukomi. Karibu na Kikatiti mtu wa mbele yangu aliinuka kwenye kiti, mimi nikachelewa kuinuka, ikafunguka nafasi ya mita moja. Mita moja hiyo hairudishwi kwa mita moja. Ikawa tatu, ikawa kumi, na uvumi wa nyuki ukaenda zake. Ghafla nikaanza kusikia pumzi zangu na kelele za watoto wa barabarani: "Wamekuacha! Wamekuacha!" Kana kwamba sikuwa nimeona.

Kufika Maji ya Chai nikamkuta Mwalimu. Alikuwa anajiendea taratibu, anajimwagia maji shingoni. Yeye alikuwa na kundi la mbele; nilikuwa nimeuona mgongo wake kule tangu mwanzo.

"Mnyororo ulitoka," alisema.

Niliitazama mikono yake. Haikuwa na grisi.

"Kaa nyuma yangu," akasema, na nikakaa.

Tukazunguka pipa lililowekwa Usa River, tukaanza kurudi. Baada ya Kikatiti alitikisa kiwiko. Nilitoka mbele, nikahema dakika moja kama mbwa, nikamrudishia. Ile ilikuwa ya haki. Lakini tulipoipita Kingori, miti ikabaki nyuma na uwanda ukafunguka, na jua lilipotoka upepo nao ukaja, wa usoni kabisa. Mwalimu akainama zaidi. Mimi nilikuwa nyuma ya mgongo wake, mahali palipo kimya, na taratibu miguu yangu ikaanza kunirudia. Ilirudi kama mgeni anayeingia bila kubisha hodi. Karibu na njia panda ya KIA nilikuwa mzima.

Hapo ndipo alipotikisa kiwiko mara ya pili.

"Sina kitu, kaka," nikasema.

Sikupanga kusema hivyo. Maneno yalitoka yakiwa yameshaiva. "Haya, kaa hapohapo," akajibu bila kugeuka, akaendelea kukanyaga. Mbele yetu, mbali, walikuwepo watu watatu, wadogo kama punje. Hawakuwa wanakua wala kupungua. Niliutazama mgongo wa Mwalimu ukipanda na kushuka, chumvi ya jasho ikichora mstari mweupe kwenye fulana yake, na nikawa nafikiria karatasi ya kwenye mlango wa gari.

Mita mia mbili kabla ya mwisho niliuona mstari wa chokaa na yule bwana mwenye daftari. Nikatoka kushoto, nikasimama kwenye pedali za baiskeli yake, na nikampita. Gia haikuruka hata mara moja. Nilikuwa wa 31. Mwalimu alikuwa wa 32.

Alinipa mkono. Alicheka hata. Fundi alipiga kelele kwamba mwanafunzi amemshinda mwalimu, na Dada Benki akanunua machungwa. Nilikula langu nikiwa nimewapa mgongo. Lilikuwa tamu sana, nilikuwa na kiu, na sikutaka mtu aone ninavyolifurahia.

Jumatatu ndani ya basi tulikaa kiti kimoja, yeye dirishani. Tulishapita Same, mashamba ya mkonge yanakimbia kando yetu, wale wawili wamelala midomo wazi. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeulizia saa:

"Nguvu zilikurudia wapi?"

Ningeweza kusema zilirudi palepale mwishoni. "Kwenye njia panda ya KIA," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. Nilisubiri aniulize kwa nini.

"Ungeniambia," alisema. "Wawili tukipokezana, wale watatu tungewakamata."

Akarudi kutazama mkonge. Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa. Tangu jana nilikuwa nimejihukumu kwa kumpita mtu aliyenisubiri, na nilikuwa tayari kuombea msamaha kosa hilo. Kumbe yeye wala hakuwa na habari na nafasi ya 31. Alikuwa anahesabu nafasi ya 28, ambayo ingekuwa yetu, ambayo niliitupa nikiwa nimejificha nyuma yake nikilinda kitu kidogo. Nilisema, "Nisamehe, kaka." Alisema, "Yameisha," na nadhani kwake yaliisha kweli.

Baiskeli bado ninayo. Nilipotaka kuirudisha aliniuliza kama nimepata nyingine, nikasema sijapata, akasema basi. Jumamosi iliyofuata tulikuwa barabara ya Bagamoyo kama kawaida. Tulipoipita Bunju akatikisa kiwiko. Siku hiyo nilikuwa nimelala saa tatu tu. Miguu ilikuwa mizito kama magogo.

"Leo sina kitu," nilimwambia, na ilikuwa kweli.

Zamani angejibu bila kugeuka. Safari hii aligeuka, akanitazama usoni, kidogo tu, kisha akatazama mbele na kuinama.

Nikatoka kulia hivyohivyo, nikapita mbele yake, nikaupokea upepo wote kifuani, na nikaanza kuhesabu nguzo za umeme.